Kago kwenye Mkorosho

Mimi kushuku nimezaliwa nako. Mtu akiniamkia mara mbili kwa siku, najiuliza anataka nini. Kwa hiyo nilipokuwa kuruta wa polisi, nikatolewa kwetu Kilwa na kupelekwa kituo kidogo nyuma ya Kitomanga kujifunza kazi, nilijiona nimefika nyumbani. Aliyenitibua ni koplo aliyenifundisha. Kila asubuhi: "Wizi ni nini, kuruta?" Najibu: kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake. "Na nia je? Mkono peke yake hauibi, bwana. Aliyechukua akiamini kwa dhati kuwa ni chake, huyo si mwizi." Nikawa naguna moyoni. Mwizi gani asiyesema ni chake?

Basi siku moja mgambo wa kijiji wakamleta mjane mmoja, mikono imefungwa kamba, na kikapu chake cha korosho. Watu walikuwa wameshahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, lakini mikorosho yao ilibaki kule mahameni. Mlalamikaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alidai mikorosho ile kaachiwa yeye na kaka yake, kwa mdomo. Mjane akasema kaipanda yeye na mumewe, tena mashimo mengi kachimba yeye. Shahidi hakuna. Akishindwa ni mahabusu ya Lindi, na wanawe sijui wangebaki na nani.

Niliwashuku wote wawili. Yule mama alikuwa mtulivu mno. Shemeji naye, lo! Kila akifungua mdomo, anaapa wallahi.

Koplo akamfungua mama kamba, tukaenda wote mahameni. Kwenye shina la mkorosho wa kwanza kilining'inia kichupa cheusi, kimefungwa kwa kitambaa chekundu. Koplo, mtu wa bara, akauliza hiyo ni takataka gani. Nikamwambia ni kago, dawa ya kulinda shamba. Pwani yote inajua kuwa mwizi akiligusa, tumbo linavimba; mwenye mali halimdhuru, hata kama kalifunga mtu mwingine. Nikamtazama shemeji mtu. Alikuwa kasimama mbali na shina, mbali kupita kiasi kwa mtu aliye shambani kwake.

"Mzee," nikamwambia, "hebu tufungulie hicho kichupa."

"Fungueni nyie wenye serikali."

"Si mkorosho wako? Unaogopa nini?"

"Kalifunga huyu mwanamke!"

"Hata akilifunga yeye. Mali si yako?"

Akarudi nyuma hatua mbili. Mjane akapita katikati yetu, akalifungua, akalitia kiganjani.

Koplo hakucheka. "Mahakamani kichupa si ushahidi," alisema. "Lakini mama anaamini mali ni yake, kwa hiyo wizi haupo. Huyu bwana ndiye anayejua kuwa si yake, na bado katuletea taarifa ya uongo. Hilo nalo ni kosa. Haya mama, tumwandike, au unamsamehe ndugu yako?"

Nilidhani atamwombea. Ndugu ni ndugu, na kijijini wangeishi mlango kwa mlango. Mama akawa analifunga tena kago lake, polepole.

"Mazikoni alilia kunishinda mimi niliyefiwa na mume," alisema. "Nikaanza kumshuku siku ile ile. Mnadhani hili nililifunga kwa ajili ya wezi wa mbali? Mwandikeni."