Mama Hakuulizwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye dirisha la dawa la hospitali moja mjini Garissa, nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili na swali ambalo chuo hakikunijibu. Nilimwuliza mfamasia mkuu, mzee mrefu asiyecheka, tunajuaje kwamba dawa itamfaa huyu na haitamdhuru yule. Aliendelea kuhesabu tembe. "Dawa huandikiwa ugonjwa, binti," alisema. "Mtu anaubeba tu." Nilikuwa mgeni, Mpokomo wa ng'ambo ya Tana, nikanyamaza. Ninyi vijana mnaoanza leo, msinyamaze.

Baadaye nilihamishiwa Buna. Afisa tabibu msimamizi wa huko alinifunza kujaza taarifa ya madhara, yaani karatasi ya kueleza dawa ilivyomdhuru mgonjwa. Mwenyewe aliijaza hata pale kosa lilipokuwa lake. Sijapata bosi mwingine wa aina hiyo. Kutoka hapo nikapelekwa kituo kimoja upande wa Elwak, nacho nakiacha bila jina kwa sababu bado nina hasira nacho.

Huko aliletwa Abdirashid, kijana mchunga ngamia kutoka Kutulo, akiwa na baba yake. Alikuwa na malaria ya aina inayojificha kwenye ini na kurudi tena. Dawa ya kuing'oa ni primakwini. Ni dawa nzuri, ila wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kinga ndani ya chembe nyekundu za damu, na wakiimeza chembe hizo hupasuka. Upungufu huo umo kwenye vinasaba, yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi. Mtoto wa kiume huupata kwa mama yake.

Kipimo kilikuwa Nairobi. Sisi tulikuwa na fomu. Iliuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kudhuriwa na dawa hiyo, na nafasi ya kujibu ilikuwa chini ya jina la baba na babu. Nilimwuliza mzee. Akanitajia baba zake tisa wa vizazi vilivyotangulia, mmoja baada ya mwingine bila kukwama, pamoja na kilichomuua kila mmoja: huyu kiu, huyu risasi, huyu uzee tu. Hakuna aliyedhuriwa na dawa. Nikaandika "hapana" kwa mwandiko mzuri. Chuoni nilifundishwa kwamba jambo hili hupitia kwa mama, lakini nilikuwa najisifu kwamba nazijua desturi za wenyeji, na ukoo kwao ni baba.

Siku ya tatu ya kumeza primakwini, Abdirashid alikojoa mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa. Macho yakawa manjano, pumzi ikawa fupi. Mama yake, Habiba, alikuwa amefika asubuhi hiyo juu ya lori la mbuzi. Aliutazama mkojo ule, akakaa sakafuni.

"Abayo," aliniita, yaani dada, "kaka yangu alikojoa hifi hifi. Tembe ya malaria, siku tatu. Tukazika."

Nilimwuliza kwa nini hawakusema mapema.

"Baba yake iliulizwa. Mimi hakuna mtu iliniuliza."

Kituo hakikuwa na damu ya kumwongeza. Abdirashid alifia ndani ya ambulensi kabla ya kufika Wajir.

Nilijaza taarifa ya madhara na kuweka jina langu juu. Daktari msimamizi wa kituo hicho aliirudisha mezani kwangu. Alisema wafugaji huficha habari za familia, tena fomu imetoka juu na si kazi ya mgawa dawa kuisahihisha. Maneno hayo yalinichoma, na yananichoma hadi leo. Mtu anayekutajia baba tisa kwa kichwa anakuficha nini? Sisi ndio tuliouliza upande mmoja. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na daktari yule hakujifunza kitu. Tangu hapo hadi nilipostaafu, pembeni mwa kila fomu niliandika kwa kalamu: mama na wajomba. Nilipewa barua mbili za onyo kwa kuchafua karatasi za serikali.

Sasa nimestaafu na kuhamia Garissa. Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachotaka tone la damu na dakika chache tu. Hakisomi vinasaba vyenyewe. Kinapima ile kinga ambayo vinasaba viliagiza. Mwaka huu Habiba alinipigia simu: mwanawe mdogo, Ibrahim, amelazwa hapa mjini na malaria ile ile. Nikaenda. Kituo kilikuwa na kifaa, ndani ya boksi ambalo hata plastiki haijatolewa. Kijana wa zamu alinieleza kwa adabu kwamba wanasubiri mafunzo, na kwamba primakwini itaanza mchana.

"Fomu tumejaza, ayeyo," aliniambia, yaani bibi. "Iko sawa."

Niliiomba fomu. Baba, babu. Nikaketi mbele ya kabati la dawa, na umri huu, nikasema hakuna tembe itakayopita hapa mpaka boksi lifunguliwe. Nilipaza sauti na sioni haya. Akaitwa mtaalamu wa maabara, akasoma maelekezo, akamdunga Ibrahim kidole. Kinga yake haikuwepo kabisa. Primakwini ikafutwa kwenye kadi, homa ikatibiwa kwa dawa nyingine, na Ibrahim akapona.

Nilimpelekea Habiba majibu pale benchini, nikitarajia dua. Aliniuliza kitu chenyewe cha kupima kiko wapi. Nikamletea. Akakiweka kiganjani, akakigeuza huku na huku.

"Hii tu?" alisema. "Abdirashid ilikosa hii tu?"