Wagonjwa Wawili, Mchi Mmoja

Moyo wa Afriyie ndio ulioanza kumwangusha, kabla ya ule wa mumewe, Boadu. Daktari wa Kumasi akawakataza wote wawili kazi nzito. Lakini Boadu alilala kama chifu, dada zake wakimpepea na kumnywesha supu, huku Afriyie akiwatwangia fufu, chakula cha mihogo na ndizi zilizochemshwa, wageni waliokuja kumjulia hali mumewe. Alitwanga kwa wivu.

"Wifi, fufu bado tu?" alifoka Serwaa, dada mkubwa wa Boadu, kutoka chumbani. "Kaka anaumwa moyo!"

"Na mimi je?"

"Wewe mwanamke bwana, utazoea."

Afriyie akaingia chumbani na mchi, akamkabidhi Serwaa, kisha akapanda kitandani kando ya mumewe.

"Haya, katwange," alisema akijivutia shuka. "Ukimaliza, uje unipepee."