Kitalu cha Bati

Watoto wa mtaa walimwita Bibi Saladi, na yeye hakulikataa jina. Nyuma ya nyumba yake, kati ya ukuta wa bafu na kamba ya kuanikia nguo, alilima saladi bila udongo. Chini lilikaa pipa kubwa la plastiki lenye samaki, perege wenye afya. Juu ya matofali kilikaa kitalu kilichojaa kokoto. Pampu ndogo ilipandisha maji yenye uchafu wa samaki hadi kwenye kokoto, mizizi ikala ule uchafu, maji yakashuka tena pipani yakiwa safi. "Wanalishana hawa," aliwaambia wageni, "kama watu wa nyumba moja."

Mbegu alizianzisha mwenyewe. Alipanga vipande vya sifongo kwenye sinia, akavilowesha, akaweka juu ya kila kimoja mbegu mbili tatu, nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza. Hakuzifunika, maana mbegu ya saladi inataka kuona mwanga. Sinia akaliweka mahali pa ubaridi, akataja jina la Mungu, akaziachia. Kazi hiyo yote alifundishwa na mdogo wake, aliyekuwa akizunguka kufundisha vikundi vya akina mama. Mdogo wake alikuwa na sharti moja asilolilegeza: kinachogusa maji kiwe plastiki au jiwe, basi. Bibi Saladi alilishika sharti, ila alilielewa kwa namna yake. Alidhani ni kwa ajili ya kutu.

Ndani ya nyumba, mumewe alikuwa amelala akitazama ukuta.

Huyu alikuwa fundi bati tangu ujana, mtu wa mifereji, ndoo na masanduku, hata jina lake watu walilisahau wakabaki na Fundi Bati. Kiharusi kilimkamata upande wa kulia. Mguu ukarudi nusu, mkono ukabaki kuning'inia kama wa kuazima. Lakini kilichomtia mkewe hofu ni kule kutazama ukuta. Akiletewa chakula, "Weka hapo." Akisalimiwa, anaguna. Muuguzi wa zahanati alimvuta Bibi Saladi pembeni, akamwambia bila kuzunguka: "Mama, mwili wake unaweza kuishi. Mwenyewe ndiye hataki. Mtafutie kitu cha kumwinua, la sivyo utamzika huku unamwona."

Mama wa watu akaomba. Aliomba akifua, akaomba akipepeta mchele, akaomba mpaka maneno yakamwishia akabaki kusema "Ee Mungu" tu.

Ndipo kitalu cha plastiki kikapasuka. Maji yalikimbia hadi mlango wa jikoni, na mle chumbani kitanda kikalia. Fundi Bati akatokea akiburuta mguu, shati limefungwa vifungo kombo.

"Nini hiki?"

"Kitalu kimepasuka, baba."

"Plastiki!" Alilitamka neno kama mtu anayemtaja adui yake. "Wewe mke wa fundi, unaweka maji kwenye plastiki? Watu wakisikia watasema nini?"

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu augue. Papo hapo akaagiza bati karakana kwake, amtengenezee mkewe kitalu kipya. Sharti la mdogo wake lilimpitia Bibi Saladi kichwani, kweli lilimpitia, lakini akalitazama lile bati lililoletwa kutoka karakana, jipya, linang'aa hata ukajiona uso, akajiambia: hili litapata kutu lini? Akaenda kumletea nyundo.

Fundi Bati alifanya kazi kwa mkono wa kushoto. Alibana bati kwa goti, akakunja kingo, akagonga, akakosea, akatukana, akaanza upya. Yale matusi mkewe aliyasikiliza kwa raha, Mungu amsamehe. Kitalu kilipokamilika, hakuna tone lililovuja. Wakajaza kokoto, wakahamishia miche iliyokuwa imeshatoa majani ya pili, na Fundi akaweka kiti chake palepale, akawa anashinda hapo. Akaanza kula na kukumbuka vichekesho vyake vya zamani.

Rafiki yake mshonaji, aliyekuwa na cherehani barazani ng'ambo ya barabara, alikuja kukagua. Akazunguka, akagonga bati kwa kidole.

"We mzee, hiki ni kitalu au jeneza? Naona kimebaki kifuniko tu."

"Lete futi yako nikupime wewe," akajibu Fundi. "Mfupi kama wewe, bati halitaisha."

Wakacheka mpaka mshonaji akashika ukuta. Fundi akafuta machozi, halafu akasema taratibu, mkono wake juu ya bati: "Lakini nakwambia kweli, siku mtakayoliona hili limetolewa hapa, jueni na mimi nimetoka."

"Shemeji, unamsikia mumeo?" mshonaji akauliza.

Bibi Saladi alikuwa amemsikia. Alijifanya anaokota majani.

Haukupita muda samaki wakaanza kubadilika. Alfajiri, akienda kuwalisha, aliwakuta wamejisogeza juu, midomo wazi, wamekusanyika pale maji yanapoangukia. Pampu ilikuwa inafanya kazi. Chakula waliacha kikaelea. Kisha akamkuta mmoja ubavu juu, ngozi imetanda ute mzito kama mate. Akamtoa kwa kisahani, akamfukia nyuma ya bafu, akarudi jikoni kuwasha moto kabla mumewe hajaamka.

Kesho yake akafukia mwingine. Hakumla hata mmoja, moyo ulikataa. Akabadilisha maji kwa kutumia ya mvua aliyokinga, akidhani anawapa maji matamu, nao wakazidi kufa. Majani ya saladi yakapauka katikati ya mishipa. Udongo wa nyuma ya bafu ukawa umechimbwachimbwa kama mahali pa kuku.

"Mama," Fundi akamwita siku moja, ameinamia pipa, "mbona samaki wamepungua?"

"Wamejificha chini, baba. Jua kali."

Lilikuwa jambo dogo kulisema, lakini lilimfuata mchana kutwa. Jioni aliposimama kusali hakujua aanzie wapi.

Mdogo wake alirudi kutoka vikundini mchana wa Jumapili, akapita uani na mkoba begani. Shemeji yake alikuwa amesinzia kitini, mdomo wazi. Alitazama kitalu, akatazama pipa, akatumbukiza mkono chini ya kokoto, akautoa. Vidole vilikuwa na unga mweupe.

Akamvuta dada yake hadi jikoni. "Dada, nilikwambia nini?"

"Halina kutu..."

"Kutu siyo! Bati limepakwa dawa ya kulizuia kutu, na maji yanaila ile dawa, ya mvua ndiyo zaidi. Majani yatavumilia kidogo. Kwa samaki ile dawa ni sumu, inawaua polepole. Liondoe leo hii, wamebaki wachache."

"Nikiliondoa hilo, mdogo wangu, namwondoa yeye."

"Basi mwache aone samaki wanaisha. Utamwambia wamehamia wapi?"

Bibi Saladi alichochea moto. Alimwomba mdogo wake aende, akabaki peke yake mbele ya jiko. Alipopiga moyo konde akatoka, mumewe alikuwa macho. Alikuwa na kitambaa mkononi, anafuta ukingo wa ndani wa kitalu, pale maji yanapogusa bati. Anafuta kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukutwa. Kitambaa kilikuwa cheupe kwa unga.

Wakatazamana.

"Unafanya nini, baba?"

Fundi alikikunja kitambaa, akakificha chini ya paja. Halafu akakitoa tena. "Bati nalijua," akasema. "Likianza kutoa unga huu, linaliwa. Nililiona mapema. Nikasema nitakuwa nafuta kila ukienda sokoni, maji yatachoka yataliacha." Akatazama ukuta wa bafu. "Na wewe umewafukia kule. Nimeuona udongo."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Nami nilikuwa nasubiri useme, ili niseme ni wewe uliyelikataa." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Lete msumeno wa chuma."

"Acha nimwite mshonaji akusaidie."

"Lete msumeno, mama."

Alilikata mwenyewe. Mkewe alitoa kokoto kwa ndoo, akang'oa miche ikiwa na mizizi yake yote, akailaza kwenye beseni. Samaki waliobaki aliwahamishia ndoo ya plastiki yenye maji ya kisima. Walilala chini, hawakusogea hata alipogonga ndoo. Fundi alikata pembe kwanza, zile alizozikunja kwa goti, jasho likimdondoka. Mkono ukichoka alipumzika, akaendelea. Hakutukana hata mara moja. Mkewe alisikiliza akisubiri tusi, hata moja dogo, halikuja.

Kitalu kilipokuwa vipande, alivipanga kimoja juu ya kingine, vikubwa chini, kama alivyozoea karakana. Akanawa mkono, akaingia ndani akiburuta mguu. Kitanda kikalia.

Bibi Saladi alipika uji, akaupeleka mapema kuliko saa ya chakula. Alimkuta amegeukia ukuta.

"Baba, samaki mmoja ameanza kuogelea," akasema, na safari hii ilikuwa kweli. "Nahitaji mtu wa kunifungia bomba kwenye beseni la plastiki. Mimi sijui kulibana."

"Weka hapo."

Aliweka bakuli juu ya kigoda. Hakutoka. Alipanda kitandani, akaketi upande wake, mgongo wake ukauegemea mgongo wa mumewe, akahesabu pumzi zake kwa mgongo, ikiingia, ikitoka. Nje ndoo ilitoa mlio mdogo, samaki amejigeuza au ni jani limeanguka. Uji ukashika utando juu. Akaendelea kuketi.