Aliandika Bei ya Futi Kwenye Fomu ya Mita

Admin, ficha jina langu, na jina la halmashauri usiliandike kabisa, maana huku Geita tunajuana hadi mbwa wetu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, nafanya kazi kitengo cha manunuzi. Ndugu zangu wanadhani nakaa kwenye kiyoyozi nikisaini makaratasi. Kiyoyozi kilikufa kitambo, na karatasi moja sasa hivi inaninyima hata hamu ya kula.

Tulitangaza zabuni ya visima vinne vya zahanati, vya kuchimbwa kwa mkono. Waliojitokeza wenye sifa walikuwa wawili. Mmoja ni kampuni ya mjini iliyoshinda kila zabuni tangu niajiriwe, na bosi wao akiingia ofisini hata salamu anaidai badala ya kuitoa. Wa pili ni mzee wa Runzewe, nitamwita Baba Shija, aliyechimba dhahabu maisha yake yote, safari hii akasajili kikundi na wenzake watatu. Siku ya kuleta fomu alivua kofia mlangoni. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kwa heshima ambayo pale ofisini sijawahi kuipata.

Tulipofungua zabuni, bei ya Baba Shija ilikuwa kama theluthi ya ile ya kampuni. Wajumbe wa kamati wakafurahi. Mimi moyo ulinilipuka, maana nilielewa pale pale. Marehemu baba yangu alikuwa mchimbaji. Kwenye maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu, hakuna mita. Duara linapimwa kwa futi, linalipwa kwa futi, hata mtu akifukiwa wanaulizana yuko futi ngapi. Fomu yetu ilisema "bei kwa kila mita", na mzee akajaza bei ya futi moja, ile ile ambayo kila mchimbaji wa huku anaijua.

Ningesema neno moja tu, angeitwa kufafanua. Sikusema. Na sitawadanganya, siku ile hakuna aliyenitisha. Nilifurahi tu kuona yule bosi wa kampuni anabwagwa na mzee wa kandambili. Nikajiambia mzee atajua mwenyewe pa kubana. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Bei ya chini imeshinda, tufunge kikao." Tukafunga, tukanywa soda.

Kampuni wakakata rufaa. Wanadai kwa bei ile hakichimbiki kisima, na kwamba kamati haikuichambua. Mkataba ulikuwa umeshasainiwa, na mkuu wangu akaagiza kazi isisimame. Wiki iliyopita akanituma kukagua kisima cha kwanza.

Nilichungulia mle ndani, jamani, nikarudi nyuma. Wachimbaji huweka matimba, magogo ya kushikilia kuta zisibomoke. Pale matimba yaliishia mdomoni. Kuanzia hapo kushuka ni udongo mtupu, mvua imeshaulowesha, unadondoka kidogo kidogo na unausikia ukitua kwenye maji.

Nikamuuliza, "Baba, mbona matimba hayajafika chini?"

"Yameishia hapo, mayu. Bei niliipiga kwa futi. Nimekuja kushtuka tumeshasaini."

"Si uache?"

"Kazi ya selikali utaikimbilia wapi? Wataniita tapeli, na wajukuu wangu wanasoma hapa hapa." Akacheka, akashika kamba, akashuka mwenyewe. Wawili kati ya wenzake wameshakataa kushuka. Amebaki mmoja wa kuzungusha winchi.

Juzi mkuu wangu akaniwekea karatasi mezani ya kupeleka kwenye rufaa. Inasema mimi, katibu wa kamati, niliichambua bei ile, na mzabuni akathibitisha kwamba inatosha.

"Mama Nanii, saini tu hapo," akasema. "Ukisema mzee alikosea, umesema kamati nzima ililala, na makabrasha yote ulishika wewe. Utajikuta Nkome kule ziwani unaanika dagaa." Alisema akitabasamu, akanisogezea na kalamu. Tangu siku hiyo kila anayepita mlangoni kwangu anapunguza mwendo, na wale tuliokunywa nao soda hawanitazami usoni.

Nikisaini, kampuni itashindwa na mzee ataendelea kushuka, kisima hiki na vingine vitatu. Nikisema ukweli, kazi yangu imekwisha, na pengine nitashtakiwa. Mume wangu hana kazi tangu mgodi alikokuwa upunguze watu. Naogopa, sifichi.

Jana mchana nikarudi kule nimeshaamua kumwambia mzee kwamba nilijua tangu mwanzo. Pembeni ya mdomo wa kisima nikakuta ufa mpya ardhini, kiganja changu kinazama. Yule wa winchi aliuona, akageuza uso. Nikainama nikaita, "Baba! Panda juu, ardhi imepasuka!"

Sauti yake ikapanda kutoka chini. "Zimebaki futi sita tu, mayu, maji yatatosha. Usiwe na wasiwasi. Wenzako wote pale walinidharau, wewe ukaipitisha bei yangu. Mungu akubariki sana."

Nilishindwa kusema nilichokuja kusema. Nikaondoka na baraka zake.

Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, ila mniambie niandike nini kwenye ile karatasi. Mkuu anaitaka Jumatatu saa tatu asubuhi. Na msichelewe kunijibu, maana mzee huwa anashuka saa moja.