Kompyuta ya Kulimia

Daktari alipomwambia Baba kwamba mgongo wake hautavumilia tena kiti cha trekta, Baba hakubishana. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameiuza trekta kwa mkulima mmoja wa Endebess. Aliisindikiza kwa macho mpaka ikakata kona, akarudi kuketi kwenye veranda ya nyumba yetu, nje kidogo ya Kitale. Alikuwa amelima tangu ujana wake. Sasa kazi yake ikawa kusikiliza trekta za majirani zikipita na kumwambia Mama ipi inahitaji kubadilishwa oili.

Mimi nafanya kazi Bungoma, katika ofisi ya serikali, na nikitoka kazini hucheza gemu kwenye laptopu. Baba alipokuja kukaa kwangu siku chache kwa ajili ya kliniki ya mgongo, alinikuta navuna ngano kwa kombaini. Alisimama nyuma yangu akiangalia. Mwishowe akaniambia nimeinua kisu cha mbele juu mno, naacha masuke shambani. Nikampisha kiti.

Laptopu yangu ilikuwa imezeeka. Kila Baba alipogeuza kombaini, picha iliganda, kisha ikaruka mbele kama chura. Hata hivyo alivuna mpaka chai yake ikapoa, na mara mbili nilimsikia akicheka peke yake. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu trekta iondoke.

"Hii mashine imechoka," akasema. "Ile yenye nguvu inauzwa wapi?"

Lazima nikiri jambo hapa. Kwa miaka mingi nilikuwa na daftari ambalo ndani yake nilichagua kompyuta nisiyoweza kuinunua. Nilibadilisha prosesa kila ilipotoka mpya, nikafuta, nikaandika tena. Wengine huota nyumba. Mimi niliota kadi ya grafiksi. Sasa Baba alikuwa ananiambia kwamba pesa za trekta zipo, na kwamba maisha yake yote amelima kwa vyombo vya kubahatisha, safari hii anataka kizuri. Nilijibu kwa utulivu, nikaingia jikoni, nikaruka ruka kimya kimya.

Jumamosi tulienda kwa fundi mmoja karibu na soko la Bungoma, mwanamke wa rika langu anayeunda kompyuta kwa oda. Nilifungua daftari, maneno yakaanza kunitoka kama maharagwe kwenye gunia lililotoboka. Nikamweleza Baba kwamba prosesa ndiyo injini, kwamba kadi ya grafiksi ndiyo inayochora kila anachokiona, kwamba pawa saplai ndiyo inayozilisha zote umeme. Nikachagua kasha dogo la kioo, taa za rangi saba, kibodi inayometameta. Baba alikuwa amefunga mikono nyuma, anaitikia kwa kichwa kwa adabu.

Fundi akaweka kalamu chini. "Dada, hii mashine ni ya nani?"

Nikahisi uso ukipata moto. Sikuwa nimemuuliza Baba hata swali moja. Fundi akamgeukia, akamwuliza, "Mzee, wewe unataka kuona nini ukikaa pale?"

Baba alifikiri. "Nataka kuona tope kwenye magurudumu," akasema. "Na isipige kelele. Nataka kusikia injini ya trekta, si injini ya kompyuta."

Kuanzia hapo yeye ndiye aliyechagua, na sijawahi kufurahi hivyo kunyang'anywa kitu. Kwa sababu ya tope, fundi alisema tuchukue kadi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, kubwa kuliko hata ile ya daftari langu. Kwa sababu ya kelele, aliunganisha feni tano za kupoza kompyuta mezani moja baada ya nyingine. Baba akainama, akaitegea kila moja sikio, vile alivyokuwa akisikiliza injini akiwa ameshika bisibisi. Alikataa mbili. Moja, alisema, inalalamika. Fundi aliiwasha tena, akasikiliza mwenyewe, akaitupa kwenye ndoo ya vyuma vibovu.

Nilijaribu kulitetea kasha langu la kioo. Baba akatoa futi ya kupimia kwenye mfuko wa koti, akapima kadi, akapima kasha. Kadi ilizidi kwa upana wa kidole.

"Huwezi kuingiza fahali kwenye banda la mbuzi," akasema, tukacheka sote watatu mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Tukachukua kasha pana jeusi, zito, lisilo na urembo. Ila alinionea huruma: akaniruhusu taa moja, nyeupe, mbele, kama ya trekta.

Vifaa vingine vilikuwa vya kuagizwa. Baba akarudi Kitale, na siku zote hizo alinipigia simu kila asubuhi kuuliza kama madabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, imefika, na alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina la ng'ombe anayekaribia kuzaa. Ilipofika, alikuja tena Bungoma, tukarudi kwa fundi. Yeye alifunga prosesa, akampa Baba vijiti vya kumbukumbu, RAM, aviingize mwenyewe. Baba akavisukuma kwa vidole vyake vinene. Ukasikika mlio mdogo, tak.

"Imekubali?" Baba akauliza.

"Imekubali, mzee."

Tulipobonyeza swichi kuiwasha, hatukusikia kitu, na moyo wangu ukanyong'onyea. Kumbe ndiyo ilikuwa imewaka. Feni zilikuwa kimya hivyo. Fundi akafungua gemu, akaweka mvua, Baba akashika usukani uliofungwa mezani na kuipeleka trekta shambani. Magurudumu yakazama, yakapanda, na tope likaruka, zito, jeusi, likang'ang'ania mpira. Baba alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Nilikuwa nimemshika fundi mkono bila kujua.

Tuliikodia kompyuta gari dogo mpaka Kitale, nikiwa nimelipakata lile kasha ndani ya blanketi. Mama alitupokea mlangoni, akasema hajawahi kuona mtu mzima akinunua shamba lisilotoa hata debe moja. Baba alimwekea kiti cha pili kando ya chake.

Wiki iliyopita nilipiga simu ya Baba, akapokea Mama. Akaniambia haraka haraka nipige baadaye, yuko katikati ya kupanda viazi na mvua inakuja. Nyuma nilimsikia Baba akimwambia apunguze gia kwenye mteremko. Mama akamwambia anyamaze, dereva ni yeye.