Antibiotiki za matende nusura zinivunjie ndoa

Wakuu, salamu kutoka Ukunda. Haya ni ya kweli tupu. Mke wangu anasoma hapa begani kwangu kuhakikisha sitii chumvi.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuvimba. Nikaenda hospitali ya Msambweni, nikapimwa, nikaambiwa ni matende, ile minyoo inayoletwa na mbu.

Daktari akaniandikia doxycycline. Antibiotiki, wakuu!

Nikauliza, "Daktari, hiyo si ya bakteria?"

Akacheka. Kumbe minyoo hii ina bakteria ndani yake, na bila hao haizai wala haiishi. Ukiwaua, mnyoo nao unakwisha polepole. Ila unameza kwa wiki nyingi.

Sasa, mke wangu Mwanasha anafanya kazi duka la dawa. Akazikuta kapsuli mfukoni mwa suruali yangu.

"Baba Riziki, hizi huwa nawapa wanaume wenye kisonono."

"Ni za matende."

"Za matende nazijua, huja kugawiwa mlangoni, na ni vidonge. Mwanamke mwenyewe ni nani?"

Nikaeleza habari za bakteria ndani ya minyoo. Nikaharibu zaidi. Akafunga nguo zake, akaenda kwao Bongwe.

Nikaitwa kikao. Baba mkwe yuko mkekani, miguu kaifunika shuka, na joto lile!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya, tueleze."

Nikaeleza huku jasho linanitiririka. Mwisho nikakunja suruali, nikawaonyesha mguu. Mzee akautazama sana.

"Mwanasha, katupikie chai."

Tulipobaki wawili akaiondoa shuka. Mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, ngozi imekakamaa. Miaka yote ya ukwe wetu sikuwahi kuuona.

"Mwanangu, na mimi itanifaa?"

Wallahi hasira zote ziliniisha. Niliona huruma tu.

Sikumgawia zangu. Tulikwenda Msambweni sote watatu, Mwanasha akasikia kwa masikio yake mwenyewe. Radhi aliniomba kwa pilau. Mzee alipimwa, naye sasa anameza. Daktari alimwambia wazi kuwa uvimbe hautaisha wote, lakini akiuosha mguu na kuutunza, maumivu yatapungua.

Nilichojifunza: dawa moja huwa na kazi nyingi, muulize aliyekuandikia, usijinunulie tu.

Na kama kwenu kuna mzee anayejifunika miguu hata wakati wa joto, mwulizeni kwa upole. Wetu siku hizi anakaa barazani, miguu wazi, anasalimia wapita njia.

Haya, nanyi yamewafika yapi? Mwanasha anasubiri kuwajibu.