Vumbi Jeupe

Majirani walimwita fundi huyu Keekee, na drili yake waliijua kwa mlio. Ukuta, kwake, ulisema na mkono. Chuma alikitoboa polepole, na tone la mafuta. Mbao aliiwekea kipande nyuma isichanike. Kigae alikibandika selotepu ili biti, ile ncha ya kutobolea, isiteleze, na ole wako uwashe kitufe cha kugonga kabla kigae hakijatoboka, kitapasuka! Tofali likiisha na uwazi ukianza, mkono ulijua.

Lakini mganga hajigangi. Mkewe, tangu kiharusi kimshike upande wa kushoto, aliomba kitu kimoja tu: chuma cha kushikia bafuni, ajiendee msalani mwenyewe.

"Kuta za watu umetoboa mpaka panya wamepotea njia," alimtania. "Kwangu hata msumari wa kalenda hakuna! Baba watoto, nimechoka kubebwa kama gunia."

"Kesho, mama watoto."

Kesho, kesho, uongo mtupu! Sababu alikuwa nayo, ila aliimeza. Miaka ya kutetemeshwa na mashine ilikuwa imemtia ganzi vidoleni, hata vifungo vya shati vilimshinda. Alificha, maana fundi asiye na mkono ni fundi gani?

Siku mkewe alipolia, aliona haya, akashika drili. Kigae kikatoboka bila ufa. Nyuma ya kigae biti ikazama, na mkono haukusema kitu. Vumbi likamwagika sakafuni jeupe, jeupe mpaka mwisho, plasta tupu, wala chembe nyekundu ya tofali hakuna. Macho yaliona. Hata mwanagenzi angejua kuwa hapo hapashiki, atafute pengine. Yeye, kiburi kibaya jamani, akajiambia patashika tu. Akakaza skrubu, akakivuta kile chuma kidogo, kikatulia.

"Ehee! Kumbe mume ninaye," mkewe akasema, akacheka kwa nusu ya mdomo.

Asubuhi akaenda peke yake, anaburuta mguu, amejaa furaha. Akakiegemea. Chuma kikang'oka na plasta yake, akaangukia nyonga.

Hospitalini Keekee alimweleza yote, ganzi na vumbi, huku analia kama mtoto.

"Ungeniambia," mkewe akasema. "Vumbi ningekuangalizia mimi. Macho yangu hayana kiharusi."

Nyonga haikuunga. Hakusimama tena.

Keekee alikifunga kile chuma upya. Safari hii alipiga magoti kwa kila tundu, akachota vumbi na kulitazama kwenye mwanga mpaka alipoliona jekundu. Kimeshika, hata ng'ombe angening'inia. Sasa juu yake anaanika vitambaa anavyomfutia mkewe kitandani.